Kidole cha Shekha Mpiga Vugo

Mwaka 1912, harusi ya Malindi haikunoga mpaka afike Shekha binti Athman na vugo lake, pembe ya nyati aliyoigonga kwa kijiti hadi bibi vizee wakasahau magoti yao.

Kisha kidole chake cha kati, mkono wa kulia, kikaota kinundu. Hakikuwa cha nyama, kilikuwa mfupani. Daktari mmoja aliyekuwa akipita mjini alikipasua, akaukwangua mfupa, kidonda kikapona. Haukupita mwaka, kinundu kikarudi. Kikakwanguliwa tena, kikarudi tena, kikubwa kama kokwa ya kungu, na kijiti kikawa kinamponyoka mbele za watu.

"Kikatwe tu hicho kidole," majirani wakamshauri.

"Nikishike kijiti kwa meno?" akawajibu.

Akapanda meli ndogo ya Mombasa na wifi yake Fatu, ambaye alitapika njia nzima. Huko hospitali, Daktari Pranlal alikibonyeza kidole kila upande.

"Bibi, kukwangua hakutoshi, mbegu ya uvimbe hubaki. Safari hii nitakitoa kipande chote kilichoharibika. Mahali pake nitatia mfupa kutoka kwenye muundi wako."

"Muundi? Wa mguu?" Fatu akashtuka.

"Wa mguu."

"Basi chukua wa mguu wa kulia," Shekha akasema. "Ndio unaojua kucheza."

Daktari alijaribu kukaza uso, akashindwa. Kisha akasema kwa upole, "Lakini mfupa usiposhika, sitakuwa na budi kukiondoa kidole."

Shekha akakitazama kidole chake. Usiku kucha aliushika mkono wa Fatu.

Asubuhi alivutishwa dawa ya usingizi, akaambiwa ahesabu. Alifika saba, akaangua wimbo wa harusi, na wauguzi wakangoja mpaka sauti ikazimika. Alipozinduka, mkono umefungwa, mguu umefungwa, kichwa kinazunguka kama pia.

"Wifi," akanong'ona, "nimeolewa na nani?"

Fatu, aliyekuwa analia tangu asubuhi, akacheka hadi kwikwi ikamshika.

Wiki sita kidole kilikaa ndani ya vibao. Siku ya kufunguliwa, Shekha alifumba macho.

"Kikunje," Daktari Pranlal akamwambia.

Kiungo cha juu kiligoma. Cha chini kikainama, polepole, kisha vizuri. Shekha akafumbua macho, akampokonya daktari kalamu yake ya risasi, akaanza kugonga beseni la bati: ta, ta-ta, ta! Kalamu haikuponyoka. Fatu akapiga kigelegele, wanawake wa vitanda vyote wakapokea, hata yule aliyefungwa taya. Muuguzi akaja mbio.

"Nani kajifungua?"

"Kidole!" wakamjibu kwa pamoja.

Daktari aliegemea ukuta, miwani mkononi, anajifuta machozi.

Kinundu hakikurudi tena. Mwezi mzima Shekha alichechemea, akapiga vugo amekaa kitini, na baadaye akasimama. Alipoalikwa harusini Sabaki, sherehe ilichelewa kuanza, maana kila mwanamke alitaka kwanza kukigusa kidole chenye mfupa wa mguu. Shekha aliwanyooshea wote, mmoja mmoja, huku akijipinda kwa kutekenyeka.