Mkono wa Bafta wa Mama Chausiku

"Mama Asiya, umesikia?" Anastasie aliniuliza kisimani, akatua ndoo chini ili apate mikono yote miwili ya kusimulia. "Mama Chausiku anauza majina ya wafu. Anayapeleka ofisi ya komini, kwa yule bwana wa msaada. Jina moja, faranga mia!"

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Yee, Mama Asiya! Watu ni watu. Unataka nikuletee na kashe yao, wakupigie muhuri?"

Nilimkaza mwanangu mgongoni, nikajitwisha maji nikaondoka. Anastasie alikuwa jirani yangu, mke wa mwalimu, na ulimi wake haukuwa mbaya kuliko wetu sisi wengine. Lakini majina hayo ya wafu aliyeyaandika ni mimi, kwa mkono wangu, na hilo sikuwa na nguvu ya kumwambia.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka 1972.

Mama Chausiku alikuwa mpika mawese katika mtaa wetu wa Waswahili, hapa Rumonge. Alikuwa mrefu kuwapita wanaume wengi wa mtaani, na mikono yake ilikuwa mirefu hata kwa urefu wake. Baba yake alikuwa seremala aliyeletwa na Wabelgiji kutoka Kongo, mama yake mtu wa Ujiji. Mumewe alikwenda ziwani siku moja, ukarudi mtumbwi bila yeye. Alibaki na mwanawe Amisi na pipa la kuchemshia mawese. Pembeni mwa kucha zake palikuwa na rangi ya chungwa isiyotoka, lakini alipotaka kugusa bafta alisugua mikono kwa majivu na ndimu mpaka ngozi ikakwaruzika.

Bafta ile ilikuwa ya sanda. Chama chake kilikuwa cha wanawake wanaoosha na kuwafunika maiti, na hakuna aliyelipwa. Kilivyoanza alinisimulia mwenyewe, huku anakoroga pipa.

Siku ya Uhuru, mwaka 1962, jirani yake Mwasiti binti Kasimu alikufa asubuhi. Maduka yote yalikuwa yamefungwa. Wenye maduka walikuwa kwenye ngoma, wengine wamekwenda Usumbura, ndiyo Bujumbura ya sasa, kutazama sherehe. Mama Chausiku aligonga mlango wa duka mpaka ngumi zikavimba.

"Kitambaa kilikuwa kila mahali siku ile," alisema. "Kwenye miti, kwenye magari, kwenye madirisha. Kila mtu anapeperusha. Cha Mwasiti tu hakikuwepo. Tuliunga kanga mbili, miguu ikabaki nje. Miguu, Mama Asiya! Nikavua kilemba changu nikaifunga."

Baada ya mazishi wanawake saba walikaa uani kwake wakapatana. Kila kukitokea msiba, kila mmoja atatoa mkono mmoja wa bafta, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na kitakachobaki kitawekwa sandukuni kwa msiba ujao. Wakapimana wote, wakakubali kipimo kiwe mkono wa Mama Chausiku, kwa kuwa ndio mrefu, ili miguu ya mtu isibaki nje tena.

Walikuwa na jambo jingine ambalo sijaliona kwa chama kingine. Mwanachama akifa hafutwi. Binti yake au mkaza mwanawe anaendelea kutoa mkono kwa jina la marehemu. Asiye na mtoto, wenzake wanamtolea. Kwa hiyo wa kwanza katika majina yao alikuwa Mwasiti binti Kasimu, aliyekufa kabla chama hakijazaliwa.

Mwanzoni mwa mwaka huo wa 1972 lilisomwa tangazo sokoni, na tena baada ya sala ya Ijumaa. Kuna mfuko kutoka ng'ambo, unatoa msaada kwa vyama vya watu wanaojitolea. Chama kiwe na watu thelathini au zaidi. Kilete dosiye komini: jina lake, kazi yake, wanachama wake, na kitu kinachoombwa.

Mwaka uliotangulia surua ilikuwa imepita mtaani kwetu nyumba kwa nyumba. Sanduku la Mama Chausiku lilibaki na bafta ya watu wawili, na mawese yalikuwa hayana bei. Alikuja kwangu kwa sababu nilisoma mpaka mwaka wa sita.

"Tuombe majora kumi," alisema. "Kumi tu, nilale usingizi."

Nilimlaza Asiya kwenye mkeka, nikachukua kalamu.

"Kazi ya chama, mama?"

"Andika: kufunika."

"Kufunika nini?"

"Watu. Iko kitu kingine cha kufunika?"

Niliandika: *Kusaidia jamii wakati wa msiba.* Nikamsomea. Akafikiri.

"Hiyo ndefu," alisema. "Lakini komini wanapenda ndefu. Iache."

Kisha akaanza kutaja majina, na mimi naandika. Mwasiti binti Kasimu. Wa pili, marehemu pia. Nilipofika jina la kumi nilikuwa nimeshaandika wafu wanne. Kalamu ikasimama. Mama Chausiku akanitazama.

"Wino umekwisha?"

"Haujaisha, mama."

"Basi andika."

Nikaandika. Ningeweza kusema neno, maana mimi ndiye niliyesoma, mimi ndiye niliyejua komini wanavyohesabu. Lakini alikuwa anayataja kwa utaratibu, kama mtu anayewapokea wageni mlangoni, na mimi nikaona aibu kumzuia. Wote pamoja walikuwa thelathini na mmoja. Walio hai, kumi na tisa.

Bwana wa msaada alikuja kukikagua chama wiki tatu baadaye. Alikuwa kijana wa Bujumbura, soksi zake nyeupe, si mtu mbaya. Akawekewa kiti uani, karibu na pipa, akafungua dosiye.

"Mwasiti binti Kasimu!"

"Yupo!" wanawake wakaitika.

"Aje mbele."

"Hawezi, bwana. Yupo kaburini."

Akaangalia karatasi, akaita wa pili.

"Kaburini, bwana."

"Wa tatu? Zuwena binti Feruzi?"

"Huyo ni mimi," alisema bibi Zuwena, aliyekuwa hana meno. "Lakini andika haraka, niko njiani."

Watu wakacheka, hata bwana wa msaada mdomo ulimcheza. Lakini alipofika mwisho na kuhesabu walio mbele yake, alifunga dosiye.

"Mumenidanganya. Mumeongeza maiti ili mupate thelathini."

Mama Chausiku alisimama, akawa mrefu kuliko kivuli cha nyumba.

"Bwana, hatukuongeza mutu," alisema. "Hatukupunguza tu."

"Mfuko unasaidia walio hai."

"Hata sisi ndio tunaotaka kuwasaidia. Walio hai ndio wanaokufa."

Yule kijana alikuwa na maagizo yake. Tuandike upya. Watu thelathini wenye pumzi, na safari hii kila mmoja na jina la baba yake, jina la mumewe na kazi yake, na kilima anachotoka, yaani kijiji chake, ili asidanganywe mara ya pili. Karatasi ifike komini mwanzo wa mwezi wa tano. Alipoondoka, maneno yakaanza kutembea mtaani, na ndiyo yale Anastasie aliyonipa kisimani.

Walikuwa wanapungua kumi na mmoja. Mama Chausiku akafunga kilemba akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, akatoka mtaani kwetu, akaingia hata kwa wasiosali kama sisi. Kwa Anastasie nilimsindikiza mimi.

"Amahoro, Mama Mwalimu," alisema mlangoni. "Nasikia mimi nauza majina. Leo nimekuja kununua lako."

Anastasie akaangalia chini, akaniangalia mimi, akaangalia kuku.

"Mama, mimi mukristo."

"Wakristo munazikwa uchi?"

Anastasie akacheka bila kutaka. Akatuingiza ndani, akatupa ndizi za kuchoma, akataja jina lake na la baba yake na la mumewe. Kwenye kazi ya mume aliniambia niandike vizuri, *mwalimu*, kwa herufi kubwa mwanzoni. Nikamwandikia hivyo.

Tulifikisha thelathini na wawili. Siku ya kunakili ile karatasi mpya, Mama Chausiku aliniomba nimsomee kwanza majina kumi na mawili yaliyotolewa. Nilisoma. Akayarudia kimyakimya midomo ikicheza.

"Hawa tuwaweke kichwani," alisema. "Karatasi ni ya komini."

Alitaka kuipeleka Jumanne, tarehe mbili ya mwezi wa tano. Ilibaki kwangu, ndani ya sanduku la nguo za Asiya, isije ikashika mafuta.

Jumamosi kabla ya hiyo Jumanne, watu wenye mapanga walitokea upande wa Nyanza-Lac, na watu wengi wakauawa. Kisha wakaja askari. Sina maneno ya siku zile, na sitayatafuta. Nitasema niliyoyaona uani kwa Mama Chausiku.

Bafta ya watu wawili iliisha siku ya kwanza. Siku ya pili walikata mashuka. Siku ya tatu pazia, na turubai la mtumbwi wa Amisi. Mama Chausiku alipima kila kitambaa kwa mkono wake, hata cha mtoto mchanga, hata wenzake walipomwambia haraka, mama, haraka. Hakupunguza. Baadaye maiti zikaacha kuletwa. Watu walikuwa wanaitwa tu, wanapanda gari, hawarudi, na nyumbani kwao hakuna wa kuoshwa.

Mume wa Anastasie aliitwa kwenye mkutano wa walimu. Alivaa koti, akatoka, hakurudi. Siku ya tisa Anastasie alikuja uani, akakaa chini karibu na pipa lililopoa. Hakulia. Ulimi wake ule wote ulikuwa umekauka.

"Mama," alisema, "mimi sina maiti. Lakini mimi mwanachama."

Mama Chausiku aliingia ndani. Nilisikia majivu na maji, nikajua anasugua mikono. Alitoka na bafta mpya, nyeupe, imekunjwa na karafuu ndani yake. Nilidhani sanduku ni tupu. Bibi Zuwena akanigusa goti.

"Ni ya kwake," akaninong'oneza. "Sanda yake mwenyewe. Aliiweka toka mumewe alipopotea."

Aliipima yote kwa mkono, kama sheria, ingawa hapakuwa na mtu wa kufunikwa. Akamwekea Anastasie mapajani.

"Weka ndani. Akirudi, mushonee shati."

"Asiporudi?"

"Basi amefunikwa."

Anastasie aliishika ile nguo kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshike kidogo. Kisha akashukuru, murakoze, mara tatu, akaondoka nayo chini ya kanga.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita Mama Chausiku alikuja kwangu mchana, mikono mitupu. Asiya alikuwa ananyonya.

"Ile karatasi iko wapi?"

Nilimwonyesha sanduku kwa macho. Wakati ule watu walikuwa wanachukuliwa kwa majina yaliyoandikwa, na sisi tulikuwa na thelathini na mawili, na baba zao, na waume zao, na kazi za waume zao, na vilima vyao, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule. Kila usiku nilikuwa nalala upande wa sanduku lile. Sikuichoma kwa kuwa haikuwa yangu, na kwa kuwa ndiyo ilikuwa majora kumi.

"Nisomee," alisema. "Majina ya wanawake tu."

Nilisoma kwa sauti ya chini. Wengine walikuwa wamevuka ziwa, wengine hatukujua. Kila jina alikunja kidole. Nilipomaliza aliichukua, akapiga magoti kwenye mafiga ambapo maharage yangu yalikuwa yanachemka, akaisukuma chini ya sufuria. Ilikuwa karatasi nzuri, haikushika upesi. Tulingoja. Kona ya kwanza kuungua ilikuwa ile yenye neno *mwalimu*.

"Msaada umekwenda, mama," nilisema.

"Umekwenda."

Akafuta majivu kwenye goti. Kisha akaniambia kwamba Amisi ameshavuka yuko Kigoma na mkewe, na amemtumia mtu wa mtumbwi aje kumchukua. Wataondokea Magara, kesho. Mwenyewe hakutaka kwenda, lakini Amisi ndiye pekee aliyembakia.

"Una sanda huko unakokwenda?" nilimuuliza, na papo hapo nikatamani nisingeuliza.

"Nina mikono. Nitapika mawese, nitanunua." Akanigeukia. "Mama Asiya, majina umeyaandika mara mbili. Yako kichwani?"

"Yako."

"Yote? Na wale kumi na wawili?"

Nikamtajia wale kumi na wawili, kuanzia Mwasiti binti Kasimu, huku machozi yananidondokea kwenye kichwa cha mtoto. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunisahihisha hata mara moja.

"Basi wewe ndiye utakayepima," alisema. "Na siku ukisikia nimekufa huko ng'ambo, usinifute. Unitolee mkono wangu."

"Nitatoa, mama."

Akachukua mkono wangu usiokuwa na mtoto, akaunyoosha, akaulaza wake juu yake, kiwiko kwa kiwiko. Ngozi yake ilikuwa ya moto kutoka mafigani. Kidole changu cha kati kiliishia kwenye kiganja chake. Akatazama pale kilipoishia, akapima kwa vidole vyake vyenye rangi ya chungwa.

"Mkono wako mufupi, mwanangu," alisema. "Ukipima, nakuomba, ongeza vidole vinne."