Simu Iliyoita Chini ya Udongo

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Hata sokoni naenda nikisukumwa. Juzi nilisukumwa, na kwenye meza ya fundi nikaona simu kama ile ya baba, ambayo ukiisukuma vibonye vya kuandikia vinatoka kando kama droo.

Baba alikuwa mchimbaji wa shaba kwenye mgodi wa Musonoi. Mchana alioileta, nilimwonyesha kamera, redio, michezo. Hakujali. Alichimba kishimo nyuma ya nyumba, akaitia simu kwenye kopo la maziwa, akaifukia. Udongo mbichi ulinukia mvua.

"Piga na telefone ya mama," akaniambia.

Nikapiga. Ardhi ikaanza kuimba. "Inaita, tata! Inaita!" nikampigia baba kelele.

Mama alicheka mlangoni, mikono imejaa unga wa bukari, ugali wetu. "Weye na mutoto wako! Munazika telefone ingali nzima?"

"Hii ni ya muzuri," baba akasema. "Hata nikiwa chini, mutanipata."

Nilidhani tunacheza. Nikaomba tuizike tena.

Kabla mvua hazijaisha, shimo la mgodi lilimporomokea, simu ikiwa mfukoni mwake. Mama alipiga, akapiga tena. Nilimwambia asilie, itaita tu, mi niliijaribu mwenyewe. Leo najua kishimo cha uani si shimo la mgodi. Lakini siku ile, mtaalamu mzima wa simu, nilikwenda nyuma ya nyumba, nikalala kifudifudi na kutega sikio pale pale tulipoifukia, maana ndipo ilipokuwa imeita.