Mguu Uliosubiri Ngoma

Mcheza ligihu wetu, ile ngoma ya wanaume wa Kingoni, alikuwa na mbwa mwekundu, na ukiwatazama wawili hao usingejua nani alimfundisha mwenzake. Kabla ya kuketi, walizunguka palepale mara mbili. Wakiamka, walijinyoosha mgongo hadi vidole. Wakisifiwa, shingo zao zilirefuka. Na kabla ngoma haijalia, yeye aliinua mguu wa kushoto akaganda hivyo, naye mbwa pembeni ya uwanja akainua wake, kimya, mpaka mguu wa bwana wake ukite chini ndipo abweke. Tulicheka sana, wasikilizaji wangu, wakati kicheko kilipokuwapo.

Dawa ya maji iliposhindwa kuzuia risasi, tulijificha watu kumi na wawili, yeye na mbwa wake wakiwa nasi, katika pango la milima ya Matogoro. Asubuhi moja tukasikia askari wa Wajerumani kwenye njia chini yetu. Mbwa akaanza kunguruma.

"Mkabe koo, shemeji," nikamnong'oneza mcheza ligihu, aliyemwoa dada yangu, "kabla hajatumaliza."

"Ngoja kwanza."

Akasimama, akainua mguu wa kushoto. Mbwa akanyamaza, akainua wake. Lakini askari walitua kijitoni, wakanywa maji, wakapiga soga. Jasho likamtiririka hadi kisiginoni, goti likaanza kumtetemeka, na sote tulijua mguu ule ukigusa chini itakuwaje. Nikatambaa, nikauwekea bega langu. Mpaka askari wanaondoka, ulikuwa umetulia hapo, na mbwa ananitazama mimi, mguu juu, akisubiri ngoma.