Bawa la Nne

Shangazi yangu ni seremala, na hasikii la mtu. Mashine ya kufua umeme kwa upepo huhitaji mabawa matatu. Yeye huchonga manne kutoka gogo moja. La nne hulibana mezani, akalining'inizia mifuko ya mchanga nchani mpaka mbao zilie.

Jana mteja wake alikuja kutazama. Mifuko yote ilining'inia, bawa likapinda, lakini halikuvunjika.

"Hilo nipe liwe la akiba," mteja akasema kwa furaha. "Limefaulu!"

Shangazi akachukua msumeno, akalikata vipande viwili.

"Jamani, bawa zima kabisa!" mumewe akashika kichwa.

"Limeshaumia ndani. Halipandi juu ya paa la mtu," shangazi akafoka. "Chukua yale matatu ya gogo hilo hilo, ambayo hayajaguswa."

Mteja akanuna. "Ambayo hayajajaribiwa? Nitayaamini vipi?"

Shangazi akamwonyesha paa la nyumba yake, mabawa yakizunguka kwa kasi.

"Na yale ni hivyo hivyo. La nne nililikata, matatu yakapanda. Chini yake ndipo kilipo kitanda cha mama yangu. Wewe, kwako analala nani wa kumzidi?"