Zoezi Lililoimbwa Mapema Mno

Mwalimu Asteria hakuwahi kumwamini mwimbaji anayepatia mara ya kwanza. Katika kwaya yetu ya Nyasubi, mjini Kahama, ambako mimi ni katibu, kukosea mbele yake hakukuwa aibu. Aliyepatia upesi ndiye aliyemfanya avue miwani na kumkazia macho, kama mnunuzi wa dhahabu anavyokikazia macho kipande ambacho hajaambiwa kimetoka duara gani, shimo gani la machimboni.

Alizaliwa Ushirombo katika familia ya wakulima, akalelewa mgongoni mwa mama aliyelima vibarua katika mashamba ya watu. Solfa alifundishwa alipokuwa akisomea ualimu wa shule ya msingi. Nota za mistari alizitafuta mwenyewe ukubwani, semina moja baada ya nyingine, hata akaweza kuusoma wimbo ambao hajawahi kuusikia kama mtu asomavyo gazeti. Nadhani hapo ndipo dharau yake kwa masikio ilipoanzia. Aliwahi kutuambia kwamba sikio ni tapeli: linadaka sauti ya jirani, halafu linajisifu kuwa limesoma.

Njia yake ilikuwa hii. Aliandika ubaoni mistari mitano na nota zake, na chini ya kila nota akaweka herufi ya solfa. Tuliimba herufi: do, mi, so. Kisha alizifuta herufi zote, tukabaki na mistari mitupu na hofu yetu. "Herufi inakwambia jina la mtu," alisema. "Mstari unakuonyesha amesimama wapi. Nataka mumtambue hata asipojitaja." Mwishoni mwa kila mazoezi lilikuja zoezi moja jipya, alilolitunga mwenyewe, lisilo na herufi hata moja. Hilo alikuwa ameliandika mapema kwenye ubao wa pili, akaufunika kwa kitenge.

Wengi walinung'unika. Kwaya nyingine zilisikiliza wimbo kwenye simu, zikaudaka, zikaenda kuimba na kupigiwa vigelegele. Sisi tulishinda kwenye mistari mitano tukigombana na so. Kisha, mvua za masika zilipoanza, mambo yalibadilika. Kitenge kilipoondolewa tulilitazama zoezi, tukavuta pumzi, tukaimba. Mara ya kwanza, bila kusita. Mama Hosiana, mwenyekiti wetu, alifuta machozi ya furaha. Mwalimu Asteria alivua miwani.

Aliniita nje. Alisema kwamba watu waliokuwa wakijikwaa juzi hawawezi kukimbia leo. Kuna mtu anafunua kitenge. Nikamuuliza anamshuku nani, ingawa jibu nililijua, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeanza kuwatazama watu mikono.

Jilala alikuwa mwimbaji wetu wa besi, kijana mchimbaji mdogo wa maeneo ya Bulyanhulu. Siku za mazoezi alipanda pikipiki mapema kukwepa mvua, akafika kabla ya wote, akafagia ukumbi. Alikuwa peke yake na ubao. Tena alikuwa na tabia ya kuingia kabla mkono wa mwalimu haujashuka, kama mtu anayejua wimbo unaelekea wapi. Alipoulizwa amewezaje, alicheka na kusema, "Mwalimu mwenyewe ametulegezea." Kila nililolikumbuka juu yake liliangukia upande ule ule. Nilisomea chuo kikuu namna ya kupima ushahidi, na bado sijui kwa nini hoja ikikamilika vizuri mno huwa naacha kuipima.

Mwalimu aliweka mtego. Alhamisi moja hakutunga zoezi. Alichukua lililokuwa katika kitabu cha kale cha mitihani, akaliandika mbele yetu sote. Halikuwa gumu kwa kulitazama. Tuliimba nota tatu, ya nne ikatutawanya: soprano wakaenda kwao, besi wakanyamaza, mimi nikamfuata jirani yangu ambaye, kumbe, alikuwa akinifuata mimi. Jilala alikuna kichwa. Mwalimu Asteria hakukasirika. Aliufuta ubao polepole, na nilimwona ana uso wa mtu aliyethibitishiwa msiba.

Kwetu mwimbaji hafukuzwi kwa maneno. Mwalimu na katibu huenda nyumbani kwake kuchukua joho, na baada ya hapo kwaya haimwimbii katika jambo lake lolote. Jilala alikuwa afunge ndoa baada ya Pasaka. Mchumba wake alikuwa amekwisha kuwaambia ndugu zake kwamba kwaya yote itaimba. Mama Hosiana alimsihi mwalimu angoje hadi harusi ipite. Mwalimu akajibu kwamba hawezi kumwimbia Misa mtu aliyemfanya asijue kama amefundisha au amedanganywa.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Jilala alikuwa amepanga chumba karibu na mahali ambapo wanawake huponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, wameketi chini ya maturubai. Hakuwapo; mwenye nyumba alisema ameshuka duarani na atapanda wakati wowote. Tukakaa kwenye benchi kumsubiri. Mwalimu aliiweka mapajani begi tupu ya kubebea joho.

Wanawake walikuwa wakiimba kufuata nyundo. Sikuwa nikisikiliza, hadi mwalimu aliponishika mkono.

"Hilo ni zoezi langu la wiki iliyopita," alisema.

Nikasikiliza. Lilikuwa ndilo: kupanda, kusimama, kurudi kwa hatua mbili. Alisimama kabla sijasema neno. Kwa sauti ya chini aliniambia kwamba Jilala hakutosheka kuwaonyesha wanakwaya, sasa amelisambaza hadi machimboni. Akawaendea.

Aliyekuwa akiongoza wimbo alikuwa mama wa makamo, Paskazia, vumbi limemfanya mweupe hadi kwenye kope. Mwalimu alimwamkia, akaitikiwa, kisha akamwuliza ni nani aliyewafundisha wimbo huo.

"Huu?" Paskazia alitua nyundo, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, huu tumelimia pamba. Bibi yangu ameulimia, na mama yangu. Wewe kwenu wanalima kwa kunyamaza?"

Wenzake walicheka. Mwalimu hakucheka. Alimwuliza kama anamfahamu Jilala. Paskazia akasema anamfahamu vizuri, ni mtoto mwenye heshima, ila wimbo huo alizaliwa akaukuta kama walivyoukuta wao. Kisha, pengine kwa kumwonea huruma mgeni aliyekakamaa juani, alinyanyua nyundo na kuuendeleza, wakaingia sehemu ambayo haikuwahi kuwapo ubaoni kwetu.

Nilikuwa nikimtazama Mwalimu Asteria wakati huo. Midomo yake ilianza kusogea. Aliimba sehemu hiyo ya pili yote, maneno ya Kisukuma na kila kitu, bila kukosea, mara ya kwanza. Alipofika mwisho alijiziba mdomo kwa kiganja.

Jilala alitukuta hivyo, tope hadi magotini. Aliliona begi. Kila mwanakwaya anajua begi hiyo ina maana gani.

"Mmefuata joho," alisema.

Mwalimu alimwuliza kama aliwahi kufunua kitenge.

"Sijawahi. Ningefunua ili iweje? Ukikiondoa tu, nikiimba nota tatu za mwanzo najua ni wimbo gani wa shamba. Wote tunajua. Tulidhani umetuonea huruma, umeamua kutuletea vya nyumbani." Alinigeukia. "Na wewe katibu, hukujua?"

Sikujua. Nilikulia Kahama mjini, mtoto wa karani, na shamba nililijua kwa kulipita.

Njiani kurudi tulisimama kupisha ng'ombe, na hapo mwalimu akaanza kuyaimba mazoezi yake moja moja, yote ya tangu masika. Yote alidhani ameyatunga, kumbe mvua zilimrudishia nyimbo za shamba. Katika yote hapakuwa na nota za fa wala ti, kama ambavyo hazimo katika nyimbo alizozisikia mgongoni mwa mama yake. Zoezi la kitabuni lilituangusha kwenye fa. Aliniuliza, bila kunitazama, kama yupo mtu hata mmoja aliyewahi kusoma chochote katika darasa lake. Nilisema sijui. Hadi leo naona hilo ndilo jibu pekee la kweli nililompa.

Mazoezi yaliyofuata Jilala alifika, lakini alikaa benchi la nyuma na hakufagia. Mwalimu Asteria alisimama mbele ya watu wote, akasema kwamba alimshuku Jilala kwa wizi, na kwamba aliyeiba ni yeye mwenyewe, akiyatoa mazoezi mahali asipopajua. Alisema kwaya itaimba harusini. Kisha akatundika zoezi jipya, wazi, bila kitenge.

Jilala alilitazama kwa muda mrefu. "Mwalimu," alisema kutoka nyuma, "leo umetuletea wa nani? Wa mama yako au wa mama yangu?"

"Si wa mama yeyote. Imba."

Watu walicheka, lakini kila mtu aliukagua ule ubao kama mtego. Jilala aliimba peke yake, nota moja moja, kidole kikipanda na kushuka hewani kufuata mistari. Kwenye fa alisita. Akaiimba juu kidogo ya mahali pake, akajisikiliza, akarudi, akaishusha.

Mwalimu Asteria alikuwa ameshavua miwani. Aliivaa tena, akamwambia ahamie mbele, kwenye nafasi yake.