Maungamo ya Shemasi Nyang'au

Nyang'au alichuma majani chai miaka mingi huku Mogogosiek na hakuwahi kunywa hata kikombe kimoja cha chai. Kanisa letu halitaki vitu vya kusisimua mwili, na wengi wetu tuliotoka Kisii hunywa chai tukiwa tumefunga mlango. Yeye alikuwa mtu wa uji. Alikuwa shemasi, na kabla ya kumkaribisha nyumbani ilibidi ufikirie kwanza utamwekea nini mezani. Alichosha, nasema ukweli, lakini moyo wake ulikuwa safi.

Mwaka juzi tumbo lake likaanza kufura, miguu ikafuata, macho yakawa manjano. Hapa kwenye kambi yetu ya wachuma chai kila mtu analijua tumbo la namna hiyo, maana tumezika walevi wengi wa chang'aa wakiwa nalo. Minong'ono ikaanza kanisani. Lisemwalo lipo, walisema, na methali hiyo siku hizi naichukia. Wazee wakamwita. Akaapa kwamba hajawahi kuonja pombe, nao wakamvua ushemasi na kumfuta katika washiriki.

Aliyeumia zaidi ni mkewe, Drusilla. Kila Nyang'au akirudi kazini alimnusa mdomo, na alipekua hata kichaka cha nyuma ya nyumba akitafuta chupa. Hakupata kitu, basi akaamini kwamba mumewe ni mjanja. Kilichomtisha ni mazishi. Aliyefutwa hazikwi na kanisa: hapana wimbo, hapana sala, watu wanarudisha udongo na kwenda zao. Akawa anambembeleza kila jioni aungame ili arudishwe.

"Sema tu, baba Makori," alimwambia nikiwepo, huku analia. "Usiniache na hiyo aibu."

Nyang'au akampangusa machozi kwa kiganja. Jumamosi iliyofuata tulimshika mikono tukamfikisha mbele ya kanisa, akasema kwamba amekuwa akinywa chang'aa kwa siri na anaomba msamaha. Walipomuuliza alikuwa akiinunua wapi, alibabaika, mwisho akasema sokoni. Drusilla alilia kwa furaha siku hiyo. Mumewe akarudishwa kundini, na alipofariki tulimwimbia mpaka sauti zikakauka.

Mwaka huu wauguzi walikuja kambini kutupima homa ya ini. Unadungwa kidole, damu kidogo inatolewa, unangoja majibu kwenye benchi. Waliopatikana nayo walikuwa wengi kuliko tulivyodhani, na si walevi: akina mama wa kanisa, vijana wa kwaya. Drusilla alikuwa mmoja wao. Akamwambia nesi, Cherotich, kwamba kipimo kimekosea, kwa sababu yeye hanywi pombe.

Cherotich akamweleza polepole kwamba ugonjwa huu ni wa virusi vilivyo katika damu. Mtu anaweza kuzaliwa nao, mume na mke wanaweza kuambukizana, na virusi hivyo vinaweza kuliharibu ini miaka mingi bila maumivu, mpaka tumbo lifure. Si lazima mtu awe ameonja pombe. Akasema watoto nao waletwe wapimwe, kisha akauliza kama kuna mtu kwa nyumba aliyewahi kufura tumbo.

Drusilla akanigeukia. Nikashindwa kumtazama usoni. Yule mtu hakuwa amekunywa. Uongo pekee niliowahi kumsikia akiusema aliusema pale mbele ya kanisa, na sisi tukamwitikia amina. Hasira niliyonayo mpaka leo sijui niielekeze kwa nani.

Jumamosi ya wiki hiyo Drusilla alisimama kanisani akaomba maungamo ya mumewe yafutwe, kwa kuwa hayakuwa kweli. Mzee Ombui akamjibu kwa upole kwamba maungamo ni ya mwenyewe, na ni mwenyewe tu anayeweza kuyaondoa.

"Yale maneno yalikuwa yangu, mzee," Drusilla akasema. "Yeye alikuwa ananipenda tu."