Jezi Namba Tatu

Nilijua. Refa alipochomoa kadi ya njano mbele ya jezi namba tatu, nilijua vizuri nani alikuwa ndani ya jezi hiyo, na kwa wiki tano nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba sikuona, jua lilikuwa machoni. Jua lilikuwa mgongoni kwangu.

Nafundisha historia katika chuo cha ualimu hapa Kibaha. Kila mwaka nawaonya wanachuo wasimwamini haraka shahidi ambaye ana faida na tukio analolisimulia. Wanaandika kwenye madaftari, na mimi naendelea na maisha yangu.

Faida yangu ilikuwa timu. Ulezi wa timu ya mpira ya chuo nilipewa katika kikao ambacho sikuhudhuria. Ndivyo kazi za aina hiyo zinavyogawiwa kwetu. Msimu ulipoanza nilikuwa mbeba machungwa tu. Kufikia mechi ya tatu nilikuwa nasimama kando ya mstari nikimfokea refa, na kwa sababu sijui kufoka kwa namna nyingine, nilifoka kwa sentensi kamili.

"Madam," nahodha aliniambia siku moja akitafuna chungwa, "refa hajui 'upendeleo wa dhahiri' ni nini. Mwite tu mwizi, atakuelewa."

Nahodha huyo ndiye aliyetufungia mabao karibu yote. Tulishinda, tukatoka sare, tukashinda tena, na mimi, mama wa makamo mwenye shahada mbili, nikaanza kuota mpira wa kona. Sijawahi kuwa na furaha ya kijinga kiasi kile.

Nusu fainali tuliicheza Kisarawe, kwenye uwanja wenye mteremko, ambako timu inayoshambulia kuelekea bondeni huonekana bora kuliko ilivyo. Kipindi cha kwanza kilipokaribia kuisha, mtu alimvuta nahodha kwa nyuma, na jezi yake namba kumi ikachanika kuanzia kola hadi kiunoni. Hatukuwa na jezi za akiba.

"Siwezi kuongoza timu nikiwa kinyago," nahodha alisema wakati wa mapumziko.

Nikamgeukia beki wetu wa kushoto, kijana mpole wa mwaka wa pili, nikamwambia, "Mpe mwenzio jezi yako." Alivua namba tatu, akavaa ile iliyochanika. Nilichomoa pini nne kwenye mtandio wangu, nikamfunga nazo mgongoni kwa mikono yangu mwenyewe.

Kipindi cha pili nahodha alimkwatua mtu, akaoneshwa kadi ya njano. Tukashinda. Katika ligi yetu ya vyuo, mechi ikiisha refa anasoma namba alizoandika na mlezi anataja majina.

"Namba tatu?" refa aliuliza.

Nikataja jina la beki. Kwenye orodha niliyoijaza asubuhi, namba tatu alikuwa yeye. Wote wawili walikuwa tayari na kadi moja moja, na mwenye kadi mbili haruhusiwi kucheza mechi inayofuata, ambayo ilikuwa fainali. Wenyeji wakatuandalia wali na maharage. Niliongeza sahani.

Beki alinifuata kwenye basi. "Madam, kadi ile si yangu. Wewe mwenyewe ulinifunga pini."

"Karatasi inasema tatu," nilimjibu. "Na mimi sikuona, jua lilikuwa machoni."

"Sawa, Madam."

Angenibishia, ningelala vizuri zaidi.

Fainali ilisogezwa mbele kwa wiki sita, kwa sababu wanachuo wote walikuwa wanakwenda mazoezi ya kufundisha. Nahodha alipangiwa Kwala, beki Gwata. Wiki ya tano nikaenda Gwata kumkagua. Alikuwa anafundisha hesabu za sehemu katika darasa la tano, na zana yake ya kufundishia ilikuwa mhogo mbichi. Aliukata nusu, akaukata robo, akauliza nani anataka theluthi ya mhogo uliokwisha kukatwa robo nne. Darasa zima likapiga kelele kwamba haiwezekani, mpaka aanze na mhogo mwingine. Hata mimi nilielewa, na sehemu zilinishinda tangu utotoni.

Nikashika kalamu nikashindwa kuandika. Alistahili A. Lakini nikimpa A, atadhani namhonga. Nikimpa B, nitakuwa nimemdhulumu mara mbili.

Darasa lilipotoka nikamuuliza habari za nyumbani.

"Baba anatoka Chole kuja kuangalia fainali," alisema. "Hajawahi kuniona nikicheza. Nimeshindwa kumwambia asije."

"Mwambie tu una kadi mbili."

"Akiniuliza nilifanya kosa gani, nimjibu nini, Madam?"

Nilitoka nje hadi kwenye gari, nikampigia katibu wa ligi, mkufunzi mwenzangu mwenye umri wa kaka yangu mkubwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama mlezi. Kama unataka fainali isogezwe tena, jibu ni hapana."

Nikamweleza yote, kuanzia jezi hadi pini. Alikuwa anakula, nilisikia anaacha kutafuna.

"Ulimfunga pini mwenyewe?"

"Nne."

"Na nahodha?"

"Anajua. Tangu siku ile hanitazami usoni, nami simtazami."

"Basi beki anacheza, nahodha anakaa nje. Na wewe siku hiyo husogelei benchi la timu. Utakaa na watazamaji."

"Tutafungwa," nilisema, jambo ambalo mtu anayetubu hatakiwi kulisema.

"Mtafungwa vizuri," alinijibu, akaanza kutafuna tena.

Nikamuuliza kama wageni wa wachezaji wametengewa mahali. Akasema lipo benchi moja refu karibu na kona, na kama nataka kukaa hapo niwahi, maana wazee wanaokuja kuwaona watoto wao hufika kabla hata goli halijafungwa nyavu.